Nirekodie adhana ya mtaani kwetu

Northampton, Uingereza, Novemba

Sahibu yangu,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako nimeupata, na picha za nyumba yako ya wageni ya Paje nimeziona. Hilo paa la makuti limekaa. Umeniuliza nimefanyaje hata spika za nyumbani kwangu zinaadhini zenyewe, na kama na wewe unaweza kuziamrisha za kwako bila kushika simu kutwa. Unaweza. Ila jimiminie kahawa kwanza, maana si maneno ya kusimama mlangoni.

Mama, kama ujuavyo, yuko kwangu tangu Machi. Mwanzo alilalamikia baridi, akaja kwenye mkate, kisha akanyamaza. Nawe unamjua, akinyamaza pana jambo. Nilimbembeleza siku mbili ndipo akasema, "Huku mtu hajui saa." Saa ya ukutani anayo, tena kubwa. Alichokikosa ni adhana.

Nina spika tatu za waifai, za kampuni ya Sonos: sebuleni, jikoni na chumbani kwake. Programu rasmi ni ya kugusagusa kwenye kioo cha simu, na mama simu yake ni kitochi. Isitoshe nilitaka kitu kitakachofuata ratiba ya sala bila ya mtu kukikumbusha, na ratiba ya huku ina vituko. Kwetu Unguja Magharibi husogea kama nusu saa tu mwaka mzima. Huku Desemba inaingia kabla ya saa 10 za jioni, na Juni inakaribia saa 3 na nusu za usiku. Isha ya Juni ndiyo usiseme: jua halifiki digrii 18 chini ya upeo, kwa hiyo hesabu ya kawaida haitoi jibu na kila msikiti una njia yake. Nilihangaika na programu za kukokotoa nyakati, mwisho nikachukua karatasi ya msikiti tunaosali, nikaichapa kwenye faili mwezi kwa mwezi. Kazi ya kijinga, lakini mama anauamini msikiti kuliko anavyoniamini mie.

Kinachoziamrisha spika kinaitwa SoCo. Ni maktaba ya Python, yaani mkusanyo wa amri zilizokwisha andikwa kwa lugha hiyo ya kuundia programu. Ni programu huria yenye leseni ya MIT, imeandikwa na watu wa kujitolea, si kampuni. Wamejifunza lugha ya UPnP ambayo spika zenyewe huitumia ndani ya nyumba, wakaitengenezea amri nyepesi. Hata Home Assistant, ile programu ya kuendeshea taa na vifaa vya nyumbani, hupitia SoCo inapoongea na Sonos. Mie nimeiweka kwenye Raspberry Pi, kikompyuta kidogo kilichojificha nyuma ya televisheni.

Kompyuta hupiga hodi kwenye mtandao wa nyumba, anwani 239.255.255.250, poti (yaani mlango) 1900. Spika zilizomo huitika, kila moja na anwani yake. Kuanzia hapo amri huenda moja kwa moja kwa spika, poti 1400: cheza, nyamaza, sauti iwe 20 katika 100. Haziendi kwanza Marekani zikarudi. Wala spika haziulizi nywila, na hilo nitalirudia.

Siku ya kwanza nilipiga hodi, kimya. Nikalala na hasira. Kumbe Pi niliiunga kwenye waifai ya wageni, na hodi ile haivuki kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine. Nilipoihamisha zikaitika zote tatu, nami nikazipa anwani za kudumu kwenye ruta, nikome kuzitafuta.

Nikadhani tena kwamba kompyuta ndiyo inayosukuma sauti mpaka kwenye spika, kama maji kwenye bomba. Siyo. Amri ya play_uri ni kama kumtuma mtoto dukani: unampa anwani, anakwenda kuchukua mwenyewe. Mie nilikuwa namtuma kwenye faili lililo ndani ya Pi, mahali asipoweza kufika. Ilibidi Pi iwe seva ndogo ya wavuti, spika ije ichukue MP3 yake.

Kosa la tatu jirani analikumbuka. Wapwa walicheza muziki jioni wakaiacha sauti kwenye 70. Play_uri haigusi sauti. Inacheza kwa kiwango ilichokikuta. Alfajiri ile tuliamka mtaa mzima. Nilikwenda kuomba radhi na sahani ya vitumbua, vitumbua vilipokelewa. Sasa programu yangu kwanza inaweka kumbukumbu ya hali ilivyo, maana SoCo inayo amri ya hivyo, inashusha sauti hadi 18, inaadhini, kisha inarudisha kila kitu kama ilivyokikuta.

Na jambo hili likae kichwani, litakusumbua Paje: ukiziunganisha spika zicheze pamoja, moja huwa imamu na nyingine maamuma. Amri ya kucheza mpe imamu. Ukimpa maamuma, SoCo inakukatalia kwa ujumbe mrefu wa kutisha. Sauti ndiyo unaweza kumpangia kila mmoja peke yake.

Sasa lile la nywila. Nyumbani kwangu aliye kwenye waifai ni wa nyumbani. Kwako kila mgeni anapewa waifai pamoja na ufunguo wa chumba, na mgeni mwenye kompyuta na subira kidogo ataweza kukuwekea anachotaka ukumbini saa 8 za usiku. Tenga mtandao wa wageni na wa spika, na usifungue poti yoyote kuelekea intaneti. Halafu usisahau kwamba hii si njia rasmi. Kwenye programu ya Sonos, upande wa usalama, kuna swichi ya UPnP. Ikizimwa, mambo yangu yote haya yanakufa papo hapo. Na kampuni haina deni na mie. Kwa adhana sijali, mbaya zaidi mama atarudi kwenye saa ya ukutani. Ila kengele ya moto ya nyumba ya wageni usiitundike huku.

Nitumie aina ya spika ulizonazo. Kama si Sonos, SoCo haikufai, tutatafuta nyingine.

Nami nina ombi. Anayeadhini kwenye spika nimemtoa mtandaoni, sauti nzuri sana, na mama anaitika kila neno. Lakini juzi, Magharibi ilipokwisha, akaniambia, "Huyu simjui." Anamtaka mzee wa msikiti wetu pale Kikwajuni, yule anayekohoa kabla ya kuanza. Ukilala mjini, pita Alfajiri moja, umwombe ruhusa, umrekodi kwa simu. Nitumie kwa WhatsApp hivyo hivyo, nitaigeuza MP3 mwenyewe. Na kikohozi usikikate.

Wasalaam,
ndugu yako