Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: mwanga haufundishwi kwa skrini

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu,
Jogoo House,
Nairobi.

KUH: MAJARIBIO YA MWANGA NA RANGI DARASANI

Mheshimiwa,

Salamu kutoka Eastlands. Mimi ni mwalimu wa fizikia na ombi langu ni moja: wizara itoe waraka kwamba katika mada ya mwanga na rangi, video isihesabiwe kuwa jaribio. Mwalimu akionyesha video, aandike kwamba ameonyesha video. Asijaze kwenye rekodi ya kazi kwamba majaribio yamefanywa.

Najua ombi hili litaonekana la mtu anayepinga maendeleo. Tangu 2016 serikali imekuwa ikipeleka vishikwambi katika shule za msingi, na sasa Gredi ya 10 imeingia, kila shule inataka kuonekana iko tayari kwa STEM, yaani masomo ya sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Mgeni akifika, kitu cha kwanza kuonyeshwa ni projekta. Sina ugomvi na projekta. Ukifundisha jinsi moyo unavyosukuma damu au volkano inavyolipuka, video inafaa sana, maana hakuna atakayeleta volkano Buruburu. Mwanga una shida yake ya kipekee. Skrini yoyote, iwe ya simu au ya televisheni kubwa ya ukutani, hutoa rangi tatu tu: nyekundu, kijani na buluu. Nyingine zote ni za kughushi. Kwenye video ya upinde wa mvua hamna urujuani wowote. Anachokiona mtoto ni buluu iliyotiwa nyekundu, na jicho linakubali kudanganywa. Tunamfundisha rangi za mwanga wa jua kwa chombo kisichoweza kuzitoa, halafu tunamwekea alama ya vyema.

Usiniamini kwa maneno, Mheshimiwa. Waambie maafisa wako watafute CD kuukuu, zile zilizobaki kwenye droo tangu watu wahamie flashi. Mistari ya CD imeachana mikromita 1.6, na nafasi hiyo ndogo inatosha kuutawanya mwanga katika rangi zake. Wafungue picha ya manjano tupu kwenye kishikwambi, waifunike kwa karatasi nyeusi yenye mpasuo mwembamba, wazime taa, kisha wainamishe CD polepole wakitazama mwakisiko wa ule mpasuo. Manjano ile itapasuka: nyekundu huku, kijani kule. Baada ya hapo wawashe moto wa gesi na kuutia chembe za chumvi ya jikoni kwa ncha ya waya. Moto utageuka manjano. Wautazame kupitia mpasuo uleule na CD ileile. Safari hii manjano itabaki manjano, kwa sababu sodiamu iliyo ndani ya chumvi hutoa mwanga wenye urefu wa wimbi wa takriban nanomita 589 na karibu hakuna mwingine.

Kwa macho matupu manjano hizo mbili ni sawa. Kwa CD ni vitu viwili tofauti. Hapo ndipo swali zuri linapozuka lenyewe, na mara nyingi ni mwanafunzi wa nyuma kabisa anayeliuliza: mbona basi skrini ikatengenezwa kwa rangi tatu? Jibu liko kwenye jicho lake mwenyewe, ambalo lina aina tatu za seli za kupokea rangi. Video haiwezi kumfikisha hapo, kwa kuwa video ndiyo inayochunguzwa.

Kishikwambi kina kazi yake, na mimi hukitumia kama taa. Nikijaza skrini kijani kibichi katika chumba chenye giza na kumwita mwanafunzi mwenye sweta ya marooni asimame mbele yake, sweta inakuwa nyeusi. Wanafunzi wa Nairobi hili wamekutana nalo bila kulitambua, maana matatu zetu za usiku zimejaa taa za kila rangi, na nguo uliyoingia nayo stejini siyo unayoiona ukishaketi. Lakini kabla sijawasha, kila mmoja lazima aandike anachotarajia. Wengi huandika kwamba sweta itakuwa ya kijani. Wengine husema itabaki vilevile, kwani sweta ni nyekundu, si ndiyo? Wanaopatia ni wachache, na wale waliokosea ndio wanaong'ang'ania kujua kwa nini.

Huko kuandika si mbwembwe zangu. Mwaka 2004 Catherine Crouch na wenzake, akiwemo Eric Mazur wa Chuo Kikuu cha Harvard, walichapisha utafiti kuhusu majaribio ya kuonyeshwa darasani. Waligundua kwamba wanafunzi waliotazama tu hawakuielewa dhana zaidi kwa kiasi cha maana kuliko wale ambao hawakuonyeshwa chochote. Walioulizwa kwanza watabiri kitakachotokea walielewa zaidi. Kwa hiyo sidai kwamba mwalimu akiinua mche wa kioo (prizimu) mbele ya darasa, basi amefundisha. Anaweza kuuinua na kuwaacha gizani vilevile. Waraka wako ukitoka, naomba uwe na sentensi moja ya hilo: mwanafunzi aandike utabiri wake kabla taa haijawashwa. Utabiri unataka muda kuliko pesa, na kipindi cha dakika 40 hakitoshi kuweka giza, kubashiri, kutazama na kubishana. Mada hii ipewe vipindi viwili mfululizo.

Kuhusu vifaa nitasema kidogo. Katika shule moja niliyowahi kufundisha, miche na lenzi zilikuwepo, mpya kabisa, ila zilikaa ndani ya kabati lenye kufuli hadi karatasi ya tatu, ile ya vitendo, ya mtihani wa KCSE. Mtoto alizishika kwa mara ya kwanza siku ya kutahiniwa. Nadhani kufungua kabati kungefaa kuliko kununua kabati la pili.

Na zipo shule zisizo na kabati. Ukienda Mukuru au Mathare utakuta madarasa ya mabati, na kwenye mabati kuna matundu ya misumari iliyong'oka. Sisifu mabati; mvua ya Aprili ikishika, mwalimu hasikiki. Ila jua likitoka, kila tundu dogo huangusha duara la mwanga sakafuni. Duara hilo ni picha ya jua lenyewe, ndiyo maana huwa la mviringo hata kama tundu ni la pembe tatu. Mwanasayansi Ibn al-Haytham alieleza habari za mwanga kupita kwenye matundu alipokuwa Kairo, karibu miaka 1,000 iliyopita. Mwanafunzi akiweka karatasi ikabiliane na jua, mita 3 kutoka tunduni, atapata duara la karibu sentimita 2.8. Agawanye umbali kwa upana huo: ni kama mara 107 hivi. Jua liko umbali wa kilomita milioni 150. Akigawanya tena kwa 107, amepata kipenyo chake, takriban kilomita milioni 1.4, kwa rula ya shilingi chache.

Wanaotunga ratiba na vitabu nao wakumbushwe kwamba upinde wa mvua una saa zake. Jua likipanda zaidi ya nyuzi 42 juu ya upeo wa macho, upinde hauonekani angani, na hapa Nairobi hiyo ni kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa mchana, mwaka mzima. Vilevile jua huwa mgongoni mwa anayeutazama. Picha za vitabu vya watoto zinazochora jua likichungulia kando ya upinde zinafundisha jambo lisilowezekana.

La mwisho lina tarehe. Agosti 2, 2027 jua litapatwa. Luxor, Misri, litafunikwa lote kwa zaidi ya dakika sita. Hapa kwetu litamegwa sehemu. Yale maduara ya sakafuni yataonekana yamemegwa vilevile, na wanafunzi wote wanaweza kuyaona wakiwa wamelipa jua mgongo. Naomba waraka uwe umefika shuleni kabla ya siku hiyo, na hata kabla ya maneno yangu ya video, mstari wake wa kwanza uwe onyo: mtoto yeyote asilitazame jua moja kwa moja, wala kupitia CD, wala filamu ya eksirei, wala miwani ya jua ya mtaani.

Wako mwaminifu,

Mwalimu wa fizikia,
Eastlands, Nairobi.