Ugali juu ya theluji hauwasaidii ndege

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niseme na ndugu zangu waongeao Kiswahili hapa Buffalo, hasa sisi wa upande wa Magharibi wa mji. Theluji ikitanda, tunawaona ndege wamejikunyata matawini, huruma inatuingia, tunafungua mlango wa nyuma na kumwaga ukoko, wali wa jana na vipande vya mkate. Nia ni njema kabisa. Lakini kinachofuata ni panya, malalamiko ya mwenye nyumba, na ndege waliobaki na njaa ileile.

Ugali una maji mengi. Baridi ikifika nyuzi 10 chini ya sifuri, bonge la ugali huwa jiwe kabla ndege hajaligusa. Mkate na wali hujaza tumbo bila kumpa ndege mafuta, na mafuta ndiyo kuni zake za usiku. Mtazameni chikadi, yule mdogo mwenye kofia nyeusi na mashavu meupe. Uzito wake ni gramu 11 au 12, sawa na sarafu mbili za robo dola. Mwezi wa Desemba mchana wa hapa ni saa 9 tu, kwa hiyo ana saa 9 za kula na saa 15 za kuhimili baridi. Usiku hushusha joto la mwili wake kwa nyuzi 10 hivi ili asimalize akiba, na asubuhi huamka akiwa ametumia karibu mafuta yote aliyojiwekea jana yake. Ndege wa namna hiyo hana nafasi ya kupoteza nusu saa akidonoa mkate.

Mafuta yaliyobaki kwenye kikaango nayo tusimwage nje. Yana chumvi, na kwa kuwa ni laini hunata kwenye manyoya. Manyoya yakilowa mafuta hayazuii tena maji wala baridi.

Cha kununua ni alizeti nyeusi, ile ndogo yenye ganda jembamba. Chikadi huipasua, chiriku huipasua, kadinali mwekundu naye huila. Ile kubwa yenye mistari ina ganda gumu na huwafaa wenye midomo minene tu. Jihadharini na mifuko ya mchanganyiko inayouzwa rahisi, kwa maana sehemu kubwa huwa ni mtama mwekundu. Kwetu mtama ni chakula cha heshima, lakini ndege wa huku huuparua na kuuangusha chini, ukaota ukungu na kuita panya. Mfuko rahisi ambao nusu yake inatupwa si rahisi tena. Kwa hua na ndege wadogo wa kijivu wanaokula chini, ongezeni konzi moja ya mahindi makavu yaliyoparazwa.

Chakula bora kuliko vyote wakati wa dhoruba ni shahamu, na hiyo tunaweza kuitengeneza wenyewe. Mwombeni muuza nyama wa halali mafuta meupe yanayozunguka figo la ng'ombe; kwa kawaida hayana bei kubwa. Chukueni nusu kilo, ikateni vipande vidogo au isageni, iyeyusheni kwa moto mdogo, mchuje kwa kitambaa ili vipande vya nyama vitoke, kwa sababu hivyo ndivyo vinavyooza. Iacheni igande, kisha iyeyusheni mara ya pili. Hatua hii wengi huiruka, na ndiyo inayofanya shahamu igande kwa ugumu unaotakiwa. Msiondoke jikoni sufuria ikiwa motoni, maana mafuta yakiwaka hayazimwi kwa maji. Halafu changanyeni vikombe 2 vya shahamu iliyoyeyuka, kikombe 1 cha siagi ya karanga isiyo na chumvi, vikombe 2 vya oti na vikombe 2 vya unga wa mahindi. Unga wa ugali mkavu, usiopikwa, mahali pake ni hapa. Mimineni kwenye trei kwa unene wa sentimita 3, mgandishe, mkate vipande vya mraba vya sentimita 12 vinavyoingia kwenye kikapu cha waya, mning'inize. Kigogota hatakawia kufika. Joto likipanda majira ya kuchipua, kiondoeni, kwa sababu kitalainika na kuvunda.

Kuhusu karanga na mahindi niseme neno la ziada, maana sisi tunalijua jambo hili kuliko wenyeji. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, iliyoua watu 125 Ukambani, Kenya, mwaka 2004 kwa mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu huwadhuru ndege pia. Mbegu zikilowa ndani ya kilishio, yaani chombo cha kuwawekea ndege chakula, na kushikamana, zimwageni kwenye pipa la taka lenye kifuniko, hata kama kilishio kimejaa. Zile za akiba ziwekeni kwenye ndoo ya bati yenye kifuniko cha kubana. Ndoo ya plastiki panya huitoboa kwa usiku mmoja.

Sasa dhoruba yenyewe. Ile ya Desemba 2022 ilimwaga zaidi ya sentimita 130 kwenye uwanja wa ndege wa Buffalo kwa siku chache, na zaidi ya watu 40 walifariki, wengine magarini, wengine wakisukuma theluji, wengine nyumbani gari la wagonjwa lisiweze kufika. Kwa hiyo jazeni kilishio kabla upepo haujaanza. Ndege wenyewe huhisi mgandamizo wa hewa ukishuka na hula kwa pupa masaa ya mwisho, nanyi mtawaona. Kiwekeni upande wa mashariki wa nyumba, kwa kuwa upepo mkali wa hapa hutoka upande wa Ziwa Erie, kusini-magharibi na magharibi, na mbegu za kilishio kilichoelekea ziwani hujaa theluji kwa dakika chache.

Dhoruba ikiwa imepamba moto na magari yamepigwa marufuku barabarani, asitoke mtu kufuata mbegu. Utafiti uliofanywa Wisconsin na kuchapishwa mwaka 1988 ulionyesha kwamba chikadi waliolishwa walivuka baridi kwa asilimia 69 na wasiolishwa kwa asilimia 37, na tofauti hiyo ilionekana hasa miezi ya baridi kali. Lakini hata hao waliolishwa walipata sehemu kubwa ya chakula chao porini. Siku mbili za kilishio kitupu hazitawaua. Barabara ya dhoruba inaweza kukuua wewe.

Ikishapita, kuna hesabu ambayo huwaponyoka hata waliozoea kulisha. Kilishio cha mlingoti huwekewa koni ya bati chini yake ili kindi asipande, na koni hiyo hukaa mita 1.5 kutoka ardhini kwa sababu kindi huruka zaidi ya mita moja kwenda juu. Theluji ya sentimita 130 ikianguka, koni imebaki sentimita 20 juu ya theluji, na kindi anapita kama mgeni aliyefunguliwa lango. Chimbeni kuzunguka mlingoti, upana wa mita 3 kama mnaweza. Theluji iliyo chini ya kilishio ikanyageni mpaka iwe ngumu, au wekeni ubao, ili wanaokula chini wasizame. Zibueni vitundu vya kilishio kwa kijiti. Na ule mti wa Krismasi, badala ya kuutupa kando ya barabara, usimikeni kwenye theluji hatua chache kutoka kwenye kilishio, ndege wapate pa kujificha kipanga akija.

Kilishio kiwe karibu na dirisha, chini ya mita 1, au mbali nalo kwa zaidi ya mita 9. Katikati ya hapo ndege akishtuka huruka kwa kasi ya kutosha kujiua kwenye kioo. Ndege wanaokufa kwa kugonga vioo Marekani hukadiriwa kuwa kati ya milioni 365 na milioni 988 kwa mwaka. Vitone vilivyobandikwa upande wa nje wa kioo, vikiachana sentimita 5, huzuia ajali nyingi.

Usafi kila baada ya wiki mbili. Kisugueni kwa maji moto na sabuni, kilowekeni dakika 10 kwenye sehemu 1 ya jiki kwa sehemu 9 za maji, suuzeni, kikauke kabisa. Msikioshee kwenye sinki la vyombo, kwa sababu salmonela ya ndege hupata watu pia. Mkiona chiriku macho yamevimba na kutoa ute, au ndege aliyejivimbisha asiyeruka mkimkaribia, shusheni kilishio wiki mbili ili kundi litawanyike.

La majirani nimeliacha mwisho kwa makusudi. Wengi wetu tunakaa nyumba za familia mbili, mmoja juu na mmoja chini, na uwani ni kumoja. Ulizeni mkataba wa nyumba kwanza, kisha mwambieni jirani kabla ya kuchomeka mlingoti. Fagieni maganda kila wiki. Wekeni mbegu za siku moja tu kwenye trei ya chini, ziishe kabla ya giza, maana panya hutoka usiku.

Na mkishika beleshi kwenda kwenye kilishio, anzeni na bomba la moshi wa tanuru la kupashia nyumba joto, linalotokea ubavuni mwa nyumba. Likizibwa na theluji, gesi ya kaboni monoksidi hurudi ndani, haina harufu wala rangi. Kisha safisheni njia ya miguu mbele ya nyumba, na bomba la zimamoto kama liko kwenu.

Wazee wengi wa mtaa huu hulisha ndege miaka yote na hutoka kila asubuhi kujaza mbegu. Dhoruba ikipita, tazameni uani kwao. Ikifika saa nne asubuhi kilishio ni kitupu na theluji kati ya mlango na mlingoti haina unyayo hata mmoja, nendeni mkabishe hodi. Bisheni mlango wa mbele na wa nyuma, iteni kwa sauti dirishani. Kama hajibu, pigeni 911, mseme namba ya nyumba na kama njia ya kufikia mlango imesafishwa au la.

Wako,
Msomaji, Buffalo, New York