Barua ya wazi kwa wachezaji waliotundika daluga na kutaka ukocha

Wanangu,

Kila msimu ukiisha nasikia madai yaleyale kutoka kwenu: nimecheza timu kubwa, nimevaa jezi ya taifa, basi nipewe timu kubwa nifundishe. Wengine mmekataa timu za vijana kwa sababu mnaona zinawashushia hadhi. Jambo hili linanikera na linanihuzunisha, ndiyo maana nawaandikia hadharani. Nataka mzijue habari za Ernst Happel wa Austria.

Happel alizaliwa Vienna mwaka 1925. Alikuwa beki wa kati wa Rapid, klabu ya mji huohuo, akaichezea timu ya taifa mechi 51. Alikuwemo kwenye Kombe la Dunia la 1954 kule Uswisi, Austria ilipotandikwa 6-1 na Ujerumani Magharibi katika nusu fainali, kisha ikajikusanya na kuifunga Uruguay 3-1 na kushika nafasi ya tatu. Baada ya hapo akaenda Racing ya Paris, halafu akarudi Rapid. Mwaka 1956, katika Kombe la Mabingwa wa Ulaya, Rapid ilifungwa 4-2 na Real Madrid, bingwa mtetezi. Marudiano Vienna, Rapid ikashinda 3-1. Mabao yote matatu kayafunga Happel. Beki! Jumla ikawa 5-5, na kanuni ya bao la ugenini, ya kumpa ushindi aliyefunga mengi ugenini, ilikuwa haijaanza, kwa hiyo ikabidi ichezwe mechi ya tatu, tena Madrid, na Rapid ikatolewa.

Mtu wa namna hiyo alipoanza ukocha mwaka 1962, alianzia wapi? ADO ya Den Haag, Uholanzi. Haikuwa klabu iliyotetemesha Ulaya. Akakaa hapo hadi 1969. Hebu jiulizeni nani kati yenu yuko tayari kukaa misimu saba mahali ambapo kamera hazifiki. Mwaka 1968 ADO ikatwaa Kombe la Uholanzi kwa kuifunga Ajax 2-1 fainali.

Kuna kisa chake kinachosimuliwa sana. Alipokutana na wachezaji waliokuwa wakimpima kwa macho, aliweka kopo juu ya mtambaa panya, akarudi nyuma, akapiga mpira na kuliangusha. Kisha akawaambia wao nao wajaribu. Najua wengi wenu mnakipenda kisa hiki kwa sababu kinamsifu mchezaji wa zamani. Lakini kopo lile lilimpa heshima ya asubuhi moja tu. Yaliyobaki aliyapata kwa kazi: kupandisha mstari wa mabeki, kukabia juu, kuwafundisha watu kumi na mmoja kusogea kwa pamoja ili mpinzani akose nafasi na kunaswa kwenye mtego wa kuotea. Hayo huwezi kuyaonyesha kwa shuti moja. Yanataka kurudiwa na kurudiwa, na ukocha wa kurudia hujifunzi mbele ya mashabiki elfu hamsini wanaotaka ushindi Jumamosi.

Ndipo Feyenoord, klabu nyingine ya Uholanzi, wakamwita. Msimu wake wa kwanza tu, tarehe 6 Mei 1970, wakawa kwenye fainali ya Ulaya mjini Milan dhidi ya Celtic ya Scotland waliopewa nafasi kubwa ya kushinda. Hapo Happel akafanya jambo ambalo kocha mwoga asingelithubutu: akamweka benchi kipa Eddy Treijtel, akampanga mkongwe Eddy Pieters Graafland, mwenye miaka 36. Celtic wakatangulia kwa mpira wa adhabu wa Gemmell. Fikirieni maneno yaliyopita kichwani mwa kila mtu pale benchi! Nahodha Rinus Israël akasawazisha muda mfupi baadaye, na dakika ya 117 Ove Kindvall akafunga la pili. Feyenoord ikawa klabu ya kwanza ya Uholanzi kutwaa Kombe la Mabingwa wa Ulaya. Ujasiri ule sidhani kama ulizaliwa Milan. Naamini ulikomaa Den Haag, katika miaka ambayo kosa la kocha halikuandikwa kwenye magazeti ya bara zima.

Club Brugge aliipa ubingwa wa Ubelgiji mara tatu mfululizo, 1976 hadi 1978. Mwaka huohuo wa 1978 aliifikisha Uholanzi fainali ya Kombe la Dunia. Dakika za mwisho mshambuliaji wake Rensenbrink akagonga mwamba, na Argentina wakashinda 3-1 katika muda wa nyongeza. Fainali ya Ulaya ya Brugge dhidi ya Liverpool nayo alikuwa ameipoteza wiki chache kabla. Mwingine angevunjika moyo.

Miaka mitano baadaye, katika fainali ya Ulaya mjini Athens, Hamburg yake ya Ujerumani ilikutana na Juventus iliyokuwa na mabingwa sita wa dunia wa Italia, pamoja na Platini na Boniek. Wolfgang Rolff wa Hamburg akapewa kazi ya kumkaba Platini, asimwache apumue. Magath akafunga mapema, na hilo bao moja likatosha. Happel akawa kocha wa kwanza kutwaa kombe hilo na klabu mbili tofauti.

Neno moja la pembeni, na msilichukulie wepesi. Alikuwa mvutaji mkubwa wa sigara, na saratani ya mapafu ilimwondoa Novemba 1992, akiwa na miaka 66, bado kocha wa timu ya taifa ya Austria. Uwanja mkubwa wa Vienna una jina lake, lakini ningependa angeliona jina hilo pale kwa macho yake. Mnaovuta, acheni.

Sasa dirisha la ajira linafunguliwa. Ukiitwa na timu ya daraja la chini au ya vijana, usianze na swali la mshahara. Ulizia kwanza kama mkataba ni wa miaka mitatu au wa miezi mitatu, kama mipira inatosha mazoezini, na kama uongozi utakuacha upange kikosi mwenyewe. Wakikubali hayo matatu, saini, uhamie mji huo na familia yako.

Mzee wenu katika mpira