Risala ya kikundi chetu cha uchoraji kwa mgeni wa heshima

Mgeni wetu wa heshima, mwalimu mkuu, wazazi wetu na wanakikundi wenzangu, hamjambo nyote. Asante sana mama kwa kufika huku Kayole na hii mvua yote, tumefurahi kukuona.

Mama, ule mlango umeona umesimamishwa hapo kwa ukuta ukiingia, hiyo ni picha yetu. Wazo tulilitoa kwa Glenn Ligon, mchoraji Mweusi wa Marekani aliyezaliwa Bronx mwaka 1960. Kwenye 1990 alikuwa anaandika juu ya milango ya mbao, anachukua sentensi moja ya insha ya 1928 ya Zora Neale Hurston, mwandishi Mweusi wa huko Marekani, inayosema vile mtu anajisikia mweusi zaidi akitupwa mbele ya weupe mkali, halafu anairudia na stensili, ile karatasi ngumu imekatwa umbo la herufi unapaka rangi juu yake, herufi kwa herufi kutoka juu mpaka chini, na venye stensili inazidi kushika rangi herufi zinaanza kupakaa, ukifika chini huwezi soma tena, umebaki weusi tu. Siku tuliona hiyo kazi kwa simu ya mwenzetu tulinyamaza kabisa. Baadaye kwa picha za maneno ya James Baldwin, mwandishi mwingine Mweusi wa Marekani, akaongeza vumbi la makaa ya mawe, ni takataka lakini linang'aa.

Sisi tuliandika "Nimeongea lugha ya mama". Wazazi mnaijua hiyo, wengi wenu mlivalishwa diski ya adhabu shuleni juu ya kuongea Kikamba ama Kijaluo ama Kiluhya, inazunguka darasani mpaka jioni mwenye amebaki nayo anachapwa. Tulienda kwa mama wa makaa akatupa chenga bure, tukanyunyiza rangi ikiwa mbichi. Jana mzee mmoja alisimama hapo muda mrefu akagusa ile sehemu ya chini haisomeki, akasema Kikamba chake kilipotelea hapo.

Mama, tunafanyia kazi nje, mvua ikikuja tunakimbia na milango kichwani, kwa hivyo tunaomba chumba hata kiwe kidogo. Stensili tunakata na katoni, inalowa haraka, tungepata za plastiki tungeshukuru sana.

Na kabla uende, tafadhali tupe sentensi yako moja kwa lugha ya mama yako. Mlango wa pili tumeshaupaka nyeupe, umekauka, unakungoja.