Mwanangu, kabla ya hadithi nipe kitufe

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Huku hatujambo, bibi yako anakusalimu. Nimesoma kurasa zote 22 za hadithi ya gemu yako: konda wa daladala anayehangaikia ada ya mdogo wake, dereva mkorofi, tajiri mwenye gari asiyecheka. Imeandikwa vizuri. Lakini nimefika mwisho bila kukuta sentensi hata moja inayosema mchezaji anabonyeza nini. Umeuliza kipi kitangulie, hadithi au uchezaji. Kwa mtu mmoja mwenye likizo moja, tangulize uchezaji. Wala usinifananishe na wale vijana wa vibanda vya PlayStation wanaoruka kila maongezi ili wawahi mechi. Hadithi yako naitaka, ila naitaka ipite vidoleni mwa mchezaji.

Itafute gemu iitwayo Papers, Please ya Lucas Pope, iliyotoka 2013. Mchezaji ni mkaguzi wa mpakani katika nchi ya kubuni iitwayo Arstotzka, mwaka 1982. Kazi ya mikono ni ileile kila siku: pokea pasi, linganisha jina, picha, tarehe na mji ilikotolewa, kisha gonga muhuri, wa kijani kuruhusu au mwekundu kukataa. Kila msafiri uliyemkagua sawasawa anakuingizia krediti 5, ndizo pesa za humo. Ukikosea, mashine inatema karatasi ya onyo. Maonyo mawili ya kwanza kwa siku hayana makato. Kuanzia la tatu unakatwa. Jioni unagawa ulichopata: pango, chakula, joto la nyumba, dawa akiwepo mgonjwa.

Siku za mwanzo tu anapita mwanamume ambaye karatasi zake hazina dosari. Anakuomba umwonee huruma mkewe, yuko nyuma yake kwenye foleni. Mke anafika, na hana kibali cha kuingia. Maneno yao hayajazi hata nusu ukurasa, wala gemu haikunyang'anyi vitufe ili ikuonyeshe sinema. Kinachokubana ni hesabu. Ondoa makato, na kila mtu atampitisha yule mama bila kufikiri. Kata vikali tangu kosa la kwanza, na wengi watamkataa kabla hawajamsikiliza. Yale maonyo mawili ya bure ndiyo ufundi wenyewe: unapewa huruma ya akiba, unaitumia asubuhi, halafu alasiri anatokea mwingine mwenye shida na akiba imekwisha.

Kinyume chake unakijua, umekicheza: The Journey, ile sehemu ya hadithi ndani ya gemu ya mpira FIFA 17 ya mwaka 2016. Alex Hunter ni kijana mshambuliaji, na mechi unazicheza mwenyewe. Unaweza kufunga mabao matatu kila mechi, kocha akakusifu, na bado klabu italeta mshambuliaji mwenye jina na wewe utapelekwa kwa mkopo daraja la chini. Imeandikwa hivyo tangu mwanzo. Ulichofanya uwanjani na unachoambiwa chumbani kwa kocha havijuani. Katika hadithi yako kosa hilo liko ukurasa wa 9, pale tajiri anapompokonya konda pesa zote za wiki. Mchezaji aliyebana matumizi siku nzima ataona ameibiwa na mwandishi. Pesa za mchezaji zichukuliwe na kanuni aliyoijua tangu siku ya kwanza, na kanuni hiyo kwenye daladala ipo tayari: hesabu ya tajiri, kiasi maalumu anachopewa mwenye gari kila jioni hata kama siku ilikuwa mbaya.

Hapo ndipo gemu yako ilipo, na umeipita mara tatu bila kuisimamia. Tuseme mtu mzima analipa 600, mwanafunzi 200. Konda wako anatafuta ada ya mwanafunzi, na kila mwanafunzi anayempandisha anamtia hasara. Huhitaji kuliandika hilo popote. Lipige hesabu.

Chukua Hiace ya viti 14, tripu 6 kwa siku, kila abiria anashuka mwisho wa njia. Mafuta yaache kwanza. Ukijaza watu wazima watupu, tripu moja ni 8,400, siku nzima 50,400. Ukipandisha wanafunzi wanne kila tripu, ni 6,000 na 800, yaani 6,800, siku nzima 40,800. Weka hesabu ya tajiri 40,000. Konda asiye na huruma analala na 10,400, mwenye huruma analala na 800. Ukishusha hesabu hadi 30,000, kila mchezaji atakuwa mwema kwa sababu wema hauumi. Ukiipandisha hadi 48,000, hata aliyeanza na moyo mzuri ataacha kuwatazama wanafunzi ifikapo tripu ya pili. Namba ya kuhangaika nayo ni hiyo, kuliko jina la dereva.

Jambo moja litakuponyoka usipoangalia. Kwenye foleni lazima watu wazima wawe wa kutosha kujaza gari lote, angalau 14. Wakiwa 10, mwanafunzi anakaa kwenye kiti ambacho kingebaki kitupu, 200 yake inakuwa faida, na hakuna uamuzi wowote uliofanyika. Kwa hiyo foleni iwe ya watu 18, wazima 14 na wanafunzi wanne, ichanganywe upya kila tripu. Ukiichanganya kwa bahati tupu, kunaweza kutokea tripu ambayo wanafunzi wote wataangukia mwisho na mchezaji atajaza gari bila kuwaona. Lazimisha angalau mmoja awe kati ya sita wa kwanza.

Kuijenga katika Godot, programu ya kutengenezea gemu, ni kazi ya siku tatu, usipojiingiza kwenye picha. Abiria ni mraba wa pikseli 32, wa kijivu mtu mzima, wa buluu mwanafunzi. Mmoja mmoja anasimama mlangoni. Mshale wa kulia apande, wa kushoto abaki. Sekunde 30 kwa tripu, kwa hiyo siku moja ya gemu ni dakika 3. Chini ya skrini onyesha namba mbili tu: pesa ulizonazo na hesabu inayodaiwa. Ikishafanya kazi, mpe mtu acheze, kaa pembeni, usimweleze kitu. Angalia kidole chake mraba wa buluu unapofika mlangoni. Kikisita, hadithi imeanza kufanya kazi bila neno hata moja. Kisiposita, rudi kwenye namba kabla hujarudi kwenye maandishi.

Nikuonyeshe pia jinsi vitufe vyenyewe vinavyoweza kubeba hadithi. (Kama unataka kuicheza kwanza Brothers: A Tale of Two Sons, ruka aya hii.) Josef Fares aliiongoza, ikatoka 2013. Kijiti cha kushoto cha padi, kile kifaa cha kuchezea kinachoshikwa mikononi, kinamwendesha kaka mkubwa, cha kulia mdogo, na kila mmoja ana kitufe chake kimoja cha kutendea. Wanazungumza lugha ya kubuni isiyoeleweka. Mdogo anaogopa maji kwa sababu mama yao alizama, hivyo kila penye maji hupanda mgongoni kwa mkubwa. Mkubwa anafariki kabla ya mwisho, na upande wa kushoto wa padi unakufa naye: unabonyeza, hakuna kitu. Kisha mdogo anafika peke yake kwenye maji. Kitufe chake hakisaidii. Ukibonyeza kile cha marehemu kaka yake, anaogelea. Hilo lisingewezekana kama kidole chako kisingezoea kwa muda wote huo kwamba kitufe kile ni cha kaka. Mazoea hayanunuliwi kwa maandishi.

Sasa yale machaguo kumi uliyoyapanga, kila moja na njia mbili. Njia zisipokutana tena, chaguo la kwanza linazaa njia 2, la pili 4, la tatu 8, na la kumi 1,024. Hutaziandika, na hata ukiziandika mchezaji ataona moja. Njia zirudi pamoja baada ya kila siku, na kumbukumbu ikae kwenye vigeu, yaani namba zinazobadilika ambazo gemu inazitunza. Kwako vinatosha viwili: pesa na idadi ya wanafunzi walioachwa. Kwa siku wanapita 24. Mdogo wa konda akirudi jioni, gemu isome kigeu cha pili: wakiwa zaidi ya 15, anaingia usiku na kusema magari yamemkataa, wakiwa 15 au pungufu, anaingia mapema na kutoa madaftari. Ni mistari miwili ya maongezi na sharti moja. Kuipanga kabla ya kuiweka kwenye Godot unaweza kutumia Twine, programu ya kuandikia hadithi zenye machaguo, ni ya bure.

Maandishi utakayobakiza yawe mistari miwili kwa kisanduku, na kila kisanduku kirukike kwa kitufe. Usiyaweke wakati mchezaji anahesabu sekunde, hatasoma na atakosea. Na gemu ijisevu baada ya maongezi, kamwe si kabla, la sivyo anayeshindwa tripu ya sita atamsikiliza dereva wako akigomba mara nne mfululizo, na atamchukia dereva kwa sababu ambayo hukuikusudia.

Zipo gemu zinazosomwa tu, na ni halali yake. Tetris nayo, tangu 1984 alipoitunga Alexey Pajitnov, haijawahi kuhitaji mhusika hata mmoja. Yako iko katikati, na ndiyo maana inataka kazi ya pande zote.

Ukimaliza ile ya miraba nitumie mradi wenyewe nami niucheze. Futa folda ya .godot kabla ya kuubana uwe faili moja la zip, ndiyo inayoongeza uzito na hujitengeneza upya nikifungua. Usiniandikie maelezo ya namna ya kucheza.

Mama yako