Mji mdogo unamfungukia anayerudi palepale

Sinza, Dar es Salaam

Mwanangu mpendwa,

Huku sote wazima, ni joto tu na foleni vinatutoa jasho. Nimefurahi kusoma kwenye barua yako kwamba Marburg, huo mji wenu wa Ujerumani, imeanza kukukaa moyoni. Ila hilo la kwamba Jumapili mji unakuwa kama umehamwa, usilichukulie vibaya. Sheria ya Ujerumani ndiyo inayofunga maduka siku hiyo. Duka la mikate hufungua asubuhi kwa saa chache, ukizubaa unakuta rafu tupu. Huko hakuna Mangi, mwenye duka la mtaani, wa kumgongea dirisha saa nne usiku, kwa hiyo mchele, mayai na mafuta viwe ndani tangu Jumamosi.

Na hiyo Jumamosi usiimalizie supamaketi. Panda mji wa juu, kwa ngazi au kwa ile lifti ya umma ya Pilgrimstein, uende sokoni kabla ya adhuhuri. Jogoo wa sanamu aliye juu ya jengo la halmashauri atakuhesabia saa. Usibonyezebonyeze nyanya kama uko Kariakoo; muuzaji ndiye anayeshika, na bei haipunguzwi. Chagua meza moja, uirudie kila wiki. Wageni wengi hukosea hapo: wanazunguka meza zote wakitafuta nafuu ya senti kumi, mwaka unaisha hakuna anayewajua. Ukirudi palepale, muuzaji mwenyewe ataanza kukuuliza ulikuwa wapi wiki iliyopita.

Salamu nazo zina taratibu zake. Ukiingia chumba cha kusubiri daktari, wasalimie wote waliokaa, hata kama huwajui. Kwetu mdogo ndiye anayetanguliza shikamoo. Huko, kumwita mtu "du" (wewe ya kirafiki) badala ya "Sie" (wewe ya heshima) ni ruhusa inayotolewa na mkubwa. Wewe subiri upewe.

Halafu tafuta Verein. Usiogope jina, ni kikundi kama vile vya mtaani kwetu: katiba, mwenyekiti, mweka hazina, ada. Wakifika watu 7 wanaweza kukisajili. Kuna vya kwaya, vya mpira, vya bustani, na miji midogo mingi huko hata zimamoto ni watu wa kujitolea. Hudhuria mara mbili tatu kabla ya kulipa ada. Soma kipengele cha kujitoa, maana mara nyingi wanataka barua miezi kadhaa kabla ya mwaka kwisha. Ukikaa kimya, ada inaendelea kudaiwa. Mazoezi yakiwa saa moja na nusu, fika na robo. Na baada ya mazoezi usikimbilie nyumbani. Wakati wa kukunja viti ndipo watu wanapoongea.

Sasa chumba chako. Ule weusi uliousema kwenye kona ya dirisha ni ukungu, yaani kuvu, na kuupaka rangi hakusaidii. Mvuke wa kupika, kuoga na nguo unazoanika ndani unagota kwenye ukuta wa baridi na kugeuka maji. Usiliache dirisha limeinamishwa kidogo kutwa nzima: ukuta wa pembeni unapoa, unyevu unazidi kuganda hapohapo. Funga hita, fungua madirisha wazi kabisa dakika 5 hadi 10, kisha funga na uwashe tena. Fanya hivyo mara mbili au tatu kwa siku, na kila ukimaliza kupika. Sogeza kabati, liachane na ukuta wa nje kwa upana wa kiganja.

Ugali wako unakuwa uji kwa sababu ya unga. Polenta, huo unga wa mahindi wa huko, ikiwa ya kupikwa dakika mbili imeshaivishwa kiwandani, haishikani. Nunua ya kawaida, isage tena kwenye blenda, uichekeche, na uipe muda mrefu motoni kuliko sembe.

Chupa za plastiki za kutumika mara moja zina rehani ya senti 25 za yuro, yaani pesa unayorudishiwa ukirudisha chupa, kwa hiyo usizikunje. Mashine ya dukani ikishindwa kusoma lebo inazitema.

Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa zenu zinarudi nyuma, tutapishana saa mbili badala ya moja. Nitapiga saa mbili usiku ya huku, kwako itakuwa saa kumi na mbili jioni. Kama siku hiyo ni ya kwaya, niambie mapema nibadilishe.

Mama yako