Barua kwa Hamisi kuhusu kompyuta yake ya kwanza

Ujiji, Kigoma
18 Agosti 2024

Ndugu yangu Hamisi,

Salamu nyingi kutoka huku Ujiji. Nyumbani sote tu wazima, na asali uliyoituma kwa treni ilifika bila kumwagika hata tone. Orodha yako ya vipuri vya kompyuta ya gemu nimeisoma mara tatu, na kwa kuwa uliniomba nisikuonee haya, nasema wazi kwamba shilingi milioni moja na nusu ulizodunduliza zinatosha, ila umezigawa vibaya. Fedha nyingi umezipeleka kwenye prosesa (ubongo wa kompyuta) ya kori nane, yaani vitengo nane vya kufanya hesabu, na kasha lenye feni za taa za rangi, halafu pawa saplai, inayogawa umeme kwa vipuri vyote, ukaiachia makombo.

Nami nilianza hivyo hivyo. Pawa saplai yangu ya kwanza ilibandikwa karatasi ya wati 600, lakini ukiishika ilikuwa nyepesi kama boksi tupu la biskuti, na kwa ujinga wangu nilifurahi kwa sababu nilikuwa naibeba kutoka Dar es Salaam. Usiku mmoja umeme ulikatika, ukarudi, nikasikia mlio mmoja mkavu, kisha harufu ya plastiki iliyoungua ikajaa chumbani. Kesho yake fundi alipoipima mashine, alikuta ubao mama, unaounganisha vipuri vyote, nao umekwisha kufa, na muuzaji hakupokea simu yangu tena. Tafuta ya wati 550 yenye alama ya 80 Plus Bronze, lakini usiiamini alama peke yake, kwa kuwa hiyo hupima umeme usiopotea kama joto, haipimi kinga. Uliza pia waranti ni ya miaka mingapi. Ukiifikisha nyumbani, ipitishie kwenye stabilaiza.

Prosesa ya Ryzen 5 5600 inakutosha kabisa. Ina kori sita na nyuzi 12 (kazi inazoweza kushika kwa pamoja), imekadiriwa wati 65, na katika gemu nyingi hutaona tofauti ya maana kati yake na hiyo ya kori nane. Haitoi picha kwenye skrini bila kadi ya picha, na najua utavutiwa na ndugu yake 5600G, ambayo inatoa picha yenyewe, ili ucheze huku ukitafuta fedha za kadi. Mimi ningevumilia mwezi mmoja zaidi, maana hiyo ina MB 16 tu za kumbukumbu ya ndani badala ya 32, na upungufu huo utaujutia siku kadi itakapopatikana.

Kadi ndiyo inayostahili fungu kubwa. Kwa monita yako ya 1080p, RX 6600 ya GB 8 inafaa, nayo hutumia wati zipatazo 132 tu. Ya mtumba si dhambi, lakini kumbuka kwamba sarafu ya kidijitali ya Ethereum ilipoacha kuchimbwa kwa kadi mnamo Septemba 2022, kadi nyingi zilizokuwa zikifanya kazi usiku na mchana ziliingia sokoni. Mwombe muuzaji aendeshe gemu nusu saa mbele yako. Sikiliza kama feni inakwaruza, na utazame kama vinukta vya rangi vinatokea kwenye skrini.

Ubao mama wa B450 ni wa bei nafuu, ila ukiwa na BIOS (programu ya ndani ya ubao inayoiwasha kompyuta) ya zamani hautaitambua prosesa hiyo, kwa hiyo hakikisha imesasishwa kabla hujalipa. RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, nunua vipande viwili vya GB 8 vya aina ya DDR4 vyenye kasi ya 3200, si kimoja cha 16, kisha uwashe XMP, mpangilio wa kasi kamili ya RAM, ndani ya BIOS, la sivyo vitakwenda polepole kuliko ulivyovilipia. SSD, diski ya kuhifadhia gemu, iwe ya TB 1, maana zipo gemu zinazozidi GB 100. Kasha chagua lenye chujio mbele; vumbi la Tabora unalijua kuliko mimi.

Nitapanda treni wiki ya kwanza ya Oktoba, na bisibisi ninayo. Tafadhali, boksi la prosesa usilifungue kabla sijafika, kwa kuwa chini yake kuna pini 1,331, nyembamba kuliko sindano ya kushonea, na wewe na mikono yako ya kukaza boriti tunafahamiana.

Wako rafiki,
Ramadhani